Mazungumzo ya Wakulima wa Ayalandi

Kila dola ina wakaguzi wa hesabu wa namna mbili. Wa kwanza huvaa tai, hukaa ofisini, hulipwa mshahara, na taarifa zao hupigwa chapa na kuwekwa kabatini. Wa pili huvaa viatu vya mpira vyenye matope, husimama penye lango la malisho au kando ya mizani ya ng'ombe, hawalipwi chochote, na taarifa zao huchukuliwa na upepo. Maneno ya hawa wa pili wasomi wengi huyaita soga. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha kuwa soga ya wakulima wa Ayalandi ni hesabu, tena hesabu yenye thamani, ijapokuwa ina mipaka yake kama ilivyo kila hesabu ya binadamu.

Nilikaa magharibi ya nchi hiyo tangu Septemba 2024 mpaka Juni 2025, katika likizo ya utafiti niliyopewa na chuo changu. Nilikusudia kukusanya semi za watu wa kazi ili nizilinganishe na semi zetu. Kodi za nyumba mjini Galway zilipita uwezo wa posho yangu, kwa hiyo nikapanga chumba katika nyumba ya mkulima, mwendo wa nusu saa kwa basi kutoka mjini. Bwana wa nyumba alikuwa mtu wa miaka sitini na sita. Alifuga ng'ombe wa nyama pamoja na ndama wao. Idadi yao sitaitaja, na sababu ya kutoitaja itaonekana hapa chini. Bibi wa nyumba alikuwa muuguzi. Walikuwa na watoto wawili: binti, mhandisi mjini Dublin, na mwana aliyekuwa akifanya kazi Australia.

Mazungumzo ya watu hawa yana utaratibu kama salamu zetu. Huanza na hali ya hewa, ambayo katika nchi ile ya mvua nyingi ni jambo la riziki, kwa sababu siku tatu za jua zaweza kuamua kama majani ya akiba ya wakati wa baridi yatakatwa au yataoza. Baada ya hewa huja malisho, baada ya malisho mifugo, kisha wagonjwa na waliokufa, ambao majina yao hutangazwa katika redio za mitaani. Mambo ya serikali huja mwisho, nayo huingia kwa mlango wa nyuma. Bei ya mbolea humleta waziri, barabara mbovu huileta bajeti, na jirani aliyengoja daktari usiku kucha juu ya kiti huileta wizara nzima ya afya. Sikupata kusikia mtu akianza kwa kusema kuwa anataka kuzungumza siasa.

Mwalimu wa lugha hawezi kuipita namna yao ya kusema bila ya kusimama kidogo. Kiayalandi, lugha yao ya asili, hakina neno moja la kukubali wala la kukataa. Aulizwaye hujibu kwa kukirudia kitenzi. Akiulizwa kama ameuza, hujibu kuwa ameuza au hakuuza. Wengi wao leo husema Kiingereza, lakini desturi hiyo imehamia katika Kiingereza chao, nayo huwapa sauti ya watu wanaotoa ushahidi. Sifa yao kubwa ya kitu ni kusema kuwa si kibaya. Na liko swali lisiloulizwa: una ekari ngapi, au una ng'ombe wangapi? Kumwuliza mkulima hivyo ni sawa na kumtaka akufunulie daftari lake la benki. Msomaji aliyepata kukaa na wafugaji wa kwetu ataielewa adabu hiyo bila ya kufundishwa. Basi watu hao hao, wasiotaja hesabu zao hata kidogo, huzijua hesabu za serikali mpaka senti. Katika kinyume hicho mna sheria: mali ya mtu ni siri yake, na mali ya umma haiwezi kuwa siri ya mtu.

Mahali pa kuyasikia mazungumzo haya yakiwa yameiva ni mnadani. Zamani ng'ombe waliuzwa barabarani, katika magulio ya miji, muuzaji na mnunuzi wakipigana viganja na dalali akiwavuta mikono mpaka wapatane. Kuanzia miaka ya 1950 vyama vya ushirika vilijenga minada yenye ulingo, mizani na mnadi. Mnyama huingia ulingoni, uzito na umri wake huonekana katika ubao wa taa, na mnadi hutamka bei kwa kasi inayomshinda mgeni. Mwenye mali husimama karibu na mnadi, na bei ikimchukiza ana haki ya kuikataa na kumrudisha mnyama nyumbani. Hata leo wako wauzaji ambao, baada ya kupatana, humrudishia mnunuzi kiasi kidogo cha fedha kwa ajili ya bahati. Kando ya ulingo pana chumba cha chakula, chenye chai nzito na viazi vya kila namna, na hapo ndipo Bunge la wakulima hukaa.

Kiwandani mambo ni mengine. Mkulima apelekaye maksai aliyenona katika kiwanda cha nyama huambiwa bei ya kilo kwa juma lile. Mnyama huchinjwa, nyama yake hupimwa na kupangwa daraja kwa mashine, na malipo huongezwa au kupunguzwa kwa kadiri ya daraja, umri na mafuta. Ng'ombe aliyekwisha chinjwa harudi nyumbani. Tofauti hii ya mnada na kiwanda ndiyo ufunguo wa mazungumzo yote niliyoyasikia. Mtu mwenye haki ya kukataa bei husema kwa sauti moja, na asiye na haki hiyo kwa sauti nyingine; mkulima wa Ayalandi huwa watu hao wawili katika juma moja.

Sasa tutazame hesabu zenyewe. Mwezi nilioingia nchini, habari zilienea kuwa kibanda kidogo cha kuegeshea baiskeli, kilichojengwa katika uwanja wa Bunge mjini Dublin, kiligharimu takriban euro 336,000. Katika chumba cha chai cha mnada hapakuwa na mtu aliyeizungumza habari hiyo kwa euro. Mzee mmoja alichukua kalamu, akaandika nyuma ya orodha ya mnada: maksai mmoja aliyenona akikadiriwa euro 2,000, kibanda ni maksai 168. Akauliza maksai 168 hula ekari ngapi, kwa muda gani, na mtu mwenye shamba la kadiri awanoneshe miaka mingapi mpaka watimie idadi hiyo. Wenzake walijibu kila mmoja kwa makisio yake. Kibanda kikawa, katika hesabu yao, sehemu ya umri wa mtu.

Wakati ule ule hospitali mpya ya watoto ilikuwa ikijengwa katika mji ule ule. Mwaka 2017 serikali ilikuwa imeidhinisha euro milioni 983 kwa kazi hiyo. Kufikia Februari 2024 kiasi kilichoidhinishwa kilikuwa euro bilioni 2.24. Ziada peke yake ingejenga vibanda vya baiskeli zaidi ya 3,700. Walakini kibanda kilizungumzwa majuma kadha wa kadha, na hospitali ilitajwa mara moja moja kwa kutikisa kichwa. Fedha za hospitali hazikuwa na mkia wala pembe. Hapakuwa na zizi la kuzitia.

Msomi atakumbuka hapa maneno ya C. Northcote Parkinson, Mwingereza, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza habari za kamati inayopitisha mtambo wa atomiki kwa dakika chache, kisha hubishana muda mrefu juu ya kibanda cha baiskeli, kwa sababu kibanda kila mjumbe anakifahamu. Nilimsimulia bibi wa nyumba kisa hicho jikoni, nikamwuliza kama majirani zake hawakuwa kamati hiyo hiyo. Alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua macho.

"Kama hawawezi kuzilinda fedha za baiskeli, ambazo kila mtu anaziona," alisema, "nani anazilinda zile za hospitali? Mimi natazama watoto wanaongoja kitanda. Sihitaji kuhesabu bilioni ili nijue."

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile. Mpishi wa kwetu hali sufuria nzima ili ajue kama wali umeiva. Hubinya punje moja. Parkinson alikuwa na haki ya kuwacheka wajumbe wa kamati, kwa kuwa sufuria yote ilikuwa mikononi mwao na wakaacha kuifunua. Mkulima hakupewa sufuria. Punje iliyoanguka nje ndiyo pekee aliyoipata, naye huibinya kwa vidole vyote.

Mizani hii haikutengenezwa jana. Jamaa za bwana wa nyumba walikuwa wapangaji wa bwana shamba. Njaa kuu ya 1845 mpaka 1852 iliua watu kiasi cha milioni moja na kuwatupa ng'ambo wengine zaidi ya milioni moja, na huku nafaka na mifugo vilikuwa vikisafirishwa kwenda Uingereza. Mwaka 1879 Chama cha Ardhi kilianzishwa katika kaunti ya Mayo, Michael Davitt na Charles Stewart Parnell wakiwa mbele. Mwaka uliofuata watu wa Mayo walimsusa wakala wa bwana shamba mmoja, Kapteni Boycott. Hapana aliyemvunia, aliyemfulia wala aliyemwuzia kitu, na jina lake likawa kitenzi katika Kiingereza. Sheria ya 1903 iliwawezesha wapangaji wengi kununua ardhi kwa mkopo wa kulipwa miaka mingi. Kisha, mwaka 1932, serikali ya Eamon de Valera ilikataa kuipelekea Uingereza malipo ya mikopo hiyo ya ardhi, na Uingereza ikalipiza kwa kutoza kodi ng'ombe wa Ayalandi. Bei ilianguka, ndama wakachinjwa kwa kuwa hapakuwa na faida ya kuwalea. Ugomvi ulimalizika mwaka 1938, Ayalandi ilipokubali kulipa pauni milioni 10. Bwana wa nyumba alizaliwa miaka ishirini baada ya mapatano hayo, lakini aliwasimulia ndama wale kana kwamba aliwaona. Mtu ambaye babu yake alizika faida yake kwa sababu ya barua za mawaziri hana haja ya kuambiwa kuwa hesabu za dola huingia zizini.

Alikuwa mtoto wa miaka minane wakulima walipotembea kwa miguu kutoka Bantry, kusini, mpaka Dublin, mnamo Oktoba 1966. Mwendo huo ulipita maili 200, na kiongozi wao alikuwa Rickard Deasy. Charles Haughey, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, alipokataa kuwaona, viongozi walikaa katika ngazi za wizara karibu siku 20, mchana na usiku. Mwendo kama huo hauzaliwi na hotuba moja. Huandaliwa kwa miaka na maneno ya langoni: huyu alisema bei haitoshi, yule akasema hata kwake, wa tatu akauliza kwa nini wanangoja.

Habari za biashara kubwa ya kilimo huwatia uchungu wa namna ya pekee, kwa sababu sehemu yake kubwa waliijenga wenyewe. Mwaka 1889, kwa juhudi za Horace Plunkett na wenzake, ushirika wa kwanza wa kusindika maziwa ulianzishwa Drumcollogher, katika kaunti ya Limerick. Vyama vikaenea, maziwa yalikuwa ya wakulima, na mashine, na faida. Baada ya karne moja baadhi ya vyama hivyo viligeuka kampuni za hisa, na Kerry, kusini-magharibi, ilitangulia kuingia katika soko la hisa mwaka 1986. Nilipokuwa huko, mwezi wa Disemba 2024, wanachama wa ushirika wa Kerry walipiga kura kukubali kuinunua biashara ya maziwa kutoka kwa kampuni hiyo kwa thamani ya euro milioni 500. Majirani wetu hawakuwa wanachama, walakini jambo hilo lilizungumzwa mnadani kana kwamba ni lao. Mmoja alisema kuwa wakulima wamerudishiwa nyumba yao. Mwingine, mtu mwembamba ambaye hakumaliza kikombe chake cha chai hata siku moja, alisema kuwa ni mtu aliyeuza shati lake na sasa analinunua, likiwa limekwisha valiwa. Hapana aliyeshinda katika ubishi huo, wala sidhani kuwa ulihitaji mshindi.

Mazungumzo yanaweza pia kuvunja. Katika miezi ya Agosti na Septemba 2019, wakulima wa ng'ombe wa nyama walisimama katika malango ya viwanda wakizuia mifugo kuingia, kwa kuwa bei ya kilo haikulipa gharama za ulishaji. Sheria ya ushindani haikuruhusu bei yenyewe ijadiliwe katika mazungumzo na wenye viwanda. Kwa hiyo watu waliokuja kwa ajili ya bei walikaa mezani wakizungumza kila kitu isipokuwa bei. Mapatano yalifikiwa katikati ya Septemba. Bwana wa nyumba alisimama langoni usiku mwingi. Jirani yake, aliyechanga naye trekta miaka kumi na tano, alikuwa na maksai waliokaribia kupita umri ambao kiwanda huutaka, naye alikuwa na deni la benki. Alipeleka mifugo yake alfajiri, akapita mbele ya mwenzake. Mimi nimewasikia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alisema kweli. Aliyebaki langoni alikuwa akilinda bei ya wote. Aliyepita alikuwa akilinda shamba moja, ambalo lingekufa kabla ya bei ya wote kufika. Tangu siku hiyo walisalimiana kanisani na mazikoni, na neno jingine halikuwapo.

Januari 24, 2025, dhoruba iliyoitwa Éowyn iliipiga nchi. Huko Mace Head, pwani ya Galway, upepo ulipimwa kilomita 183 kwa saa, kiasi kilichopita vipimo vyote vya nchi hiyo. Nyumba, mashamba na maduka 768,000 yalikosa umeme. Kwetu giza lilikaa siku nyingi, na pampu ya maji ya mifugo ilisimama. Siku ya pili jirani yule aliingia uani na jenereta nyuma ya trekta. Wakaifunga, maji yakatoka. Kisha wakasimama wakaongea zaidi ya saa nzima: juu ya nguzo za umeme zilizoangukiwa na miti, juu ya misitu iliyoachwa karibu mno na nyaya, juu ya fedha ambazo zingalitumika kukata matawi na sasa zitatumika mara kumi kusimamisha nguzo. Habari za 2019 hazikutajwa. Mambo ya umma yaliwapa mahali pa kukutana ambapo mambo yao wenyewe hayakuweza kuwapa. Mimi niliyezoea kuyahukumu mazungumzo kwa yale yanayosemwa ndani yake niliona pale kazi ya yale yasiyosemwa. Sijui kama walipatana. Najua kuwa jenereta ilikaa kwetu mpaka umeme uliporudi, na kwamba Aprili trekta moja ilivuka mpaka tena.

Hapana budi niseme pia juu ya ruzuku, kwa maana mtu mwenye akili atauliza: watu hawa wanaokemea matumizi ya umma, je, wao hawali katika chungu hicho? Wanakula. Tangu Ayalandi ilipoingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, malipo ya Ulaya yamekuwa nguzo ya mashamba, na katika mashamba mengi ya ng'ombe wa nyama ruzuku hupita mapato halisi ya mwaka mzima. Yaani mauzo peke yake hayafikii gharama. Nilimwuliza bwana wa nyumba swali hilo bila ya kulipamba. Alijibu kuwa fedha zile hulala mkononi mwake usiku mmoja, kisha huenda kwa mwuza mbolea, mwuza chakula cha mifugo na kiwanda kinachonunua chini ya gharama, na kuwa anayesaidiwa kwa kweli ni mlaji wa mjini. Bibi wa nyumba alicheka, akasema kuwa ng'ombe wa nyumba ile wana ruzuku mbili: ya Brussels na ya mshahara wa muuguzi. Nadhani kila mmoja alishika upande mmoja wa ukweli, na upande wa bibi ulikuwa mzito zaidi. Hata bei ya ng'ombe ilipopanda mapema mwaka 2025 kufika kiasi ambacho hakikupata kuonekana, mnadani hapakuwa na shangwe. Walisema bei si mbaya, kwa aliye na wa kuuza.

Upungufu wa mizani yao niliuona binti alipokuja kwa mapumziko ya Pasaka. Alizungumza na baba yake juu ya uamuzi wa serikali wa Julai 2022, kwamba kilimo kipunguze hewa inayotia dunia joto kwa asilimia 25 ifikapo 2030. Alizungumza pia juu ya maji ya mito ambayo naitrojeni ya mashamba imeyaharibu, hasa katika nchi ya ng'ombe wa maziwa, ambao waliongezeka sana baada ya mipaka ya maziwa ya Ulaya, iliyowekwa mwaka 1984, kuondolewa mwaka 2015. Baba alijibu kwa mizani yake: waliambiwa waongeze, wakakopa, wakajenga mabanda, na sasa waambiwa wapunguze, deni la banda nani atalipunguza? Jibu hilo lilikuwa la haki, na binti alilikubali. Kisha akasema, "Lakini mto, baba, hauna mtu wa kuusemea mnadani." Na kweli hauna. Hesabu inayopimwa kwa maksai na ekari huona kila kinachonunuliwa na kuuzwa. Kisichonunuliwa huteleza chini ya mizani. Binti hakusema hivyo kwa kiburi cha mjini. Alikulia katika shamba lile na mto ule aliuogelea.

Mazungumzo hayo yaliishia katika swali ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilizunguka tangu nilipofika: shamba litakuwa la nani? Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilihesabu mashamba 135,037, na karibu theluthi ya wenye mashamba walikuwa na miaka 65 au zaidi. Mwana aliyeko Australia alipiga simu kila Jumapili, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa bei ya mnada wa juma. Mama yake aliichukua hiyo kuwa dalili ya kurudi. Baba yake alisema ni mazoea tu, kama mtu aliyeacha kuvuta tumbaku na bado anatia mkono mfukoni. Wakabishana juu ya bajeti badala ya kubishana juu ya mwana.

Usiku mmoja bwana wa nyumba aliniuliza habari za kwetu. Nilimweleza kuwa baba yangu alilima kahawa katika mteremko wa Kilimanjaro. Kwamba chama chetu cha ushirika, K.N.C.U., kilianzishwa mwaka 1933. Kwamba kahawa huuzwa mnadani Moshi, lakini bei yake hufuata masoko ya New York na London. Na kwamba baba alipokea malipo ya kwanza na kungoja ya pili akiwa hajui yatakuwa kiasi gani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kahawa ni mmea wa namna gani wala mlima una urefu gani. Aliuliza, "Na nani alimweleza sababu?" Nilipojibu kuwa sababu zilijadiliwa na wazee baada ya ibada, chini ya mti ulio nje ya kanisa, alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa mahali anapopajua.

Kutokana na hayo nina maneno machache kwa wanafunzi wetu. Tumekusanya tenzi, methali na ngano, na kazi hiyo ni njema. Lakini mkulima anapogeuza bajeti kuwa magunia, mvuvi anapogeuza leseni kuwa madumu ya mafuta, na mfugaji katika mnada wa Pugu anapogeuza ushuru kuwa mbuzi, hapo lugha inafanya kazi ambayo vitabu vyetu vya sarufi havijaigusa: inaipa dola kipimo ambacho raia aweza kukishika kwa mkono. Asiye na kipimo chake mwenyewe hupokea kila tarakimu kama apokeavyo mvua. Kipimo hicho hakipimi kila kitu, na mto wa binti yule ni ushahidi. Kwa hiyo kisikilizwe pamoja na elimu ya wataalamu, wala kisiwekwe chini yake. Wenye kukitumia wanazeeka, huko na huku. Mwanafunzi atakayekwenda na daftari mnadani asianze kwa kuuliza idadi ya ng'ombe. Aanze na mvua, angoje, na serikali itaingia yenyewe.